Kuingia Rahisi, Kutoka Kazi: Moduli katika Kiini cha Mfumo Endeshi

Kompyuta nyingi zinazofika Kwaluguru na kata za jirani za Handeni na Korogwe zimeshatumika kwingine. Ni Dell na HP za mezani zilizostaafu katika ofisi za Ulaya au Dubai, zikapitia maduka ya Kariakoo, na sasa zinachapa mihtasari ya vikao na mitihani ya majaribio katika steshenari au katika chumba cha kompyuta cha sekondari ya kata. Kwa ndani hazifanani. Hii ina kadi ya mtandao ya Intel, ile ya Realtek, na laptopu iliyo pembeni ina waifai ya Broadcom. Lakini fundi huja na flashi moja tu yenye Ubuntu au Debian, akaichomeka katika kila moja, na nyingi zinawaka bila yeye kuuliza zimeundwaje.

Kinachowezesha hilo ni moduli: vipande vya kiini cha mfumo endeshi vinavyokaa kwenye diski hadi vihitajike. Kiini cha Linux kinachogawiwa na Debian huja na maelfu kadhaa ya moduli, na kompyuta moja haitumii hata robo yake. Swali la uchambuzi huu ni lile ambalo vitabu vya mafunzo hulipita haraka. Moduli ikishaingia, je, inaweza kutoka salama? Na kama kutoka ni kugumu, sisi wa huku, wenye mashine za mtumba, umeme wa kukatika na bando la kuhesabu, tuzitumieje?

Tuanze na kiini chenyewe. Ndicho kinachoshika vifaa: hugawa kumbukumbu, huamua programu ipi ipate prosesa na kwa muda gani, husoma diski, hupokea kila herufi inayobonyezwa. Programu za kawaida haziruhusiwi kugusa kifaa moja kwa moja. Huomba, kiini kikatekeleza. Ndiyo maana kivinjari kikizimika ghafla kompyuta huendelea, ilhali kiini kikianguka hakuna kinachobaki. Moduli, ikiwa bado diskini, ni faili la kawaida lenye jina linaloishia na .ko. Ikishapakiwa ni kiini hasa. Ina mamlaka yaleyale, inaona kumbukumbu ileile, na kosa lake ni kosa la kiini kizima. Hakuna ukuta baina yao, na karibu kila tatizo litakalofuata hapa chini linatokana na kukosekana kwa ukuta huo.

Ukuta huo haukukosekana kwa kusahauliwa. Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyeandika mfumo wa MINIX mwaka 1987, alimwambia hadharani Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki wakati huo, kwamba Linux ni muundo uliopitwa na wakati kwa sababu kila kitu kimo katika donge moja. Tanenbaum alitaka kiini kidogo sana, na viendeshi vya vifaa viwe programu za kawaida nje yake, kimoja kikifa kiwashwe kingine. Torvalds alijibu kwa hoja za utendaji: donge lake linafanya kazi, na lina kasi. Moduli, zilizotulia katika Linux rasmi kufikia toleo la 1.2 la Machi 1995, ni suluhu ya katikati. Zinatenganisha mafaili bila kutenganisha kumbukumbu. Wanaosema kwamba Linux ilichukua urahisi wa kugawanya bila kuchukua ulinzi wake wana haki. Lakini urahisi huo ndio uliomfikisha fundi wetu kijijini na flashi moja, na sijaona mfumo wa viini vidogo uliofika Handeni kwa njia hiyo.

Upakiaji unavyokwenda

Ili kuona kuingia kwa moduli, tuchukue kifaa kinachojulikana: modemu ya Huawei ya kuchomeka, zile zilizotapakaa nchini zikiwa na nembo za kampuni za simu kabla simu janja hazijawa za kila mtu. Bado zimo madroo mengi, na sehemu ambazo hakuna waya wa intaneti bado zinaokoa siku.

Ukiichomeka, modemu hiyo kwanza hudanganya. Hujitambulisha kama kisomeo cha CD, kwa sababu watengenezaji walitaka kompyuta ya Windows ikute humo programu ya kusakinisha. Kwenye Linux, programu ndogo iitwayo usb_modeswitch, iliyoandikwa na Josua Dietze, huitumia ujumbe wa kuiambia iache mchezo. Kifaa hujichomoa, kikarudi kikiwa modemu. Sasa kiini husoma namba zake za utambulisho, ambapo 12d1 ni namba ya Huawei, na kutangaza kwa programu za nje kwamba kifaa cha aina fulani kimeingia. Programu ya udev, ambayo kazi yake ni kusikiliza matangazo hayo, hutafuta katika orodha iliyotayarishwa mapema ni moduli ipi iliyojiandikisha kwa namba hizo. Inakuta moduli iitwayo option. Orodha nyingine inasema option haifanyi kazi bila usb_wwan na usbserial. Hizo mbili hutangulia, yenyewe hufuata.

Kiini kikikabidhiwa faili hukagua saini yake, kama kimeagizwa kudai saini. Utaratibu huo uliingia Linux toleo la 3.7, Desemba 2012. Hulinganisha alama ya toleo ambalo moduli ilijengewa na toleo lake chenyewe. Hutenga kumbukumbu, hunakili sehemu za faili humo, kisha huunganisha majina: kila mahali moduli inapoita kazi iliyo nje yake, huandikwa anwani ya kweli ya kazi hiyo. Kurasa zenye maelekezo hufungwa zisiandikwe tena. Mwishoni kiini huita kazi ya kwanza ya moduli, ile ya kujitambulisha. Ikirudisha kosa, yote yaliyofanywa hutenguliwa na kiini hubaki kama kilivyokuwa. Haya yote huisha kabla hujanyanyua kidole kwenye modemu.

Kutengua huku ni kwepesi kwa sababu moja tu: moduli bado haijajulikana na mtu. Hakuna programu iliyoifungua, hakuna saa ya ndani iliyotegeshwa ije iiite, hakuna moduli nyingine inayoitegemea. Dakika moja baadaye mambo si hivyo tena.

Kasoro za upakiaji zipo, ila karibu zote ni za ugavi, na ugavi ndio unaotuumiza huku. Ya kwanza ni fimwea, programu ndogo ambayo kadi yenyewe huhitaji kupewa kila inapowashwa. Moduli ya waifai inaweza kupakiwa bila kasoro na waifai isiwake, kwa kuwa faili la fimwea halipo diskini. Kulipata kunahitaji intaneti, na intaneti ilikuwa ipatikane kwa waifai hiyohiyo. Kwa miaka mingi Debian ilikataa kuweka fimwea zisizo huru katika diski zake rasmi za usakinishaji. Wanachama walipiga kura mwaka 2022, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikawa ya kwanza kuzibeba. Wapo waliolia kwamba msimamo umeuzwa. Mimi naona msimamo wa kumnyima fundi wa Kwaluguru faili la kilobaiti mia kadhaa, akiwa hana njia nyingine ya kulipata, ulikuwa unamwadhibu asiye na kosa.

Ya pili ni moduli zilizo nje ya mti rasmi wa Linux: viendeshi vya kadi fulani za Realtek, au kile kiitwacho wl cha Broadcom. Hizi lazima zijengwe upya kila kiini kinapobadilika. Kuna chombo kiitwacho DKMS kinachofanya hivyo chenyewe, mradi tu kikute mafaili ya vichwa vya kiini kipya. Mtu wa mjini mwenye intaneti isiyokatika hajui hata kwamba kazi hiyo inafanyika. Aliyepakua kiini kipya kwa bando la siku, likaisha kabla vichwa havijashuka, atawasha kompyuta kesho yake akute waifai haipo, na ujumbe kwamba moduli haipatikani au umbo lake halikubaliki. Ujumbe huo atausoma kwa Kiingereza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulileta Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na tangu hapo programu kadhaa za juu zimetafsiriwa, lakini kiini cha Linux hakina mpango wa kutafsiri jumbe zake katika lugha yoyote. Fundi anayeanza hulazimika kukariri.

Kwa nini kutoka ni kugumu

Zamani Linux ilijaribu kuziondoa moduli yenyewe. Katika miaka ya toleo la 2.0, lililotoka 1996, palikuwa na programu iitwayo kerneld iliyopakia moduli zikihitajika na kuziondoa zikikaa dakika moja bila kazi. Sababu yake ilikuwa ya haki. Kompyuta ya wakati ule ingeweza kuwa na megabaiti nne au nane za kumbukumbu kwa jumla, na moduli ya kilobaiti 40 iliyokaa bure ilikuwa hasara. Toleo la 2.2 la Januari 1999 liliitupa kerneld na kuweka utaratibu mdogo zaidi ndani ya kiini, ambao ulijua kupakia tu. Waliotaka kuondoa waliambiwa watumie amri wenyewe, au waitegeshe katika ratiba. Tangu siku hiyo uondoaji wa moja kwa moja haujarudi.

Tatizo si kufuta faili katika kumbukumbu. Tatizo ni kuwa na hakika kwamba hakuna anayelitumia, na kwamba hatakuwepo katika sekunde ileile unayolifuta. Kuweka figa la tatu chini ya chungu kitupu hakuhitaji hesabu. Kulichomoa chungu kikiwa kinachemka kunahitaji kujua ni nani anayelitegemea.

Njia ya wazi ni kuhesabu watumiaji. Kila anayeanza kutumia moduli huongeza moja, kila anayemaliza hupunguza moja, na hesabu ikiwa sifuri moduli inaweza kutoka. Hadi toleo la 2.4, hesabu hiyo iliongezwa na moduli yenyewe, kwa mstari ulioandikwa ndani ya kazi zake. Angalia kasoro iliyojificha hapo: ili moduli iongeze hesabu, prosesa lazima iwe imeshaingia ndani ya moduli. Kati ya kuingia na kuongeza kuna mwanya mdogo. Prosesa nyingine ikiangalia hesabu katika mwanya huo itaona sifuri na kuifuta moduli huku mwenzake akiwa ndani. Kwenye kompyuta ya prosesa moja ajali hiyo ilikuwa adimu. Kwenye mashine zenye prosesa kadhaa ilikuwa inasubiri siku yake.

Rusty Russell, Mwaustralia aliyeandika upya kipakiaji cha moduli kwa ajili ya toleo la 2.6 la Desemba 2003, alihamisha hesabu hiyo nje. Sasa anayeita ndiye anayeomba ruhusa kabla hajaingia, na kama moduli imeshaanza kutoka, hunyimwa. Mwanya ukazibwa kwa njia hiyo, lakini gharama ilikuwa kwamba kila sehemu ya kiini inayotoa nafasi kwa moduli ilibidi ikumbuke kuomba. Katika mijadala ya wakati ule ilifika hatua ya kuulizwa kama uondoaji wa moduli una faida ya kutosha kubaki. Ulibaki, ila kwa sharti linaloeleza mengi: mpaka leo unaweza kujenga kiini cha Linux chenye kupakia bila kuondoa. Ni swichi moja katika mipangilio.

Na hesabu ikiwa sahihi bado kazi haijaisha. Kazi ya kuagia, ile ambayo kila moduli inayotoka huitwa iitekeleze, lazima irudishe kila ilichochukua: itengue usajili, izime saa ilizotegesha, isubiri foleni za kazi zimalizike, isubiri hata wasomaji wasiofunga kufuli ambao kiini huwaruhusu kwa ajili ya kasi. Mwandishi akisahau saa moja tu, moduli itatoka bila tatizo, amri itarudi kimya, na sekunde 30 baadaye saa italia, prosesa itaruka kwenda kwenye anwani ambayo haina tena maelekezo yale. Hapo kompyuta huanguka, na aliyetoa amri ameshasahau kwamba aliitoa. Baadhi ya waandishi, kwa kulijua hilo, hawaweki kabisa kazi ya kuagia. Moduli ya namna hiyo huonekana katika orodha ya lsmod ikiwa na alama ya kudumu, na haitoki.

Kwa modemu yetu, ukijaribu kuondoa usbserial kwa amri ya rmmod utaambiwa inatumiwa na usb_wwan na option. Ukitumia modprobe -r kwa option, amri hiyo itashuka ngazi kwa mpangilio: kwanza option, kisha zilizo chini yake kama hakuna mwingine anayezihitaji. Lakini kama intaneti bado imeunganishwa kupitia modemu hiyo, utakataliwa. Wengine hapo hukimbilia rmmod -f, ya kulazimisha. Baadhi ya viini vinavyogawiwa havikujengwa na ruhusa hiyo, na shukrani kwa waliokataa. Kiini kinachoiruhusu hujitia doa kwa herufi R, ambayo hubaki hadi kompyuta izimwe, ili yeyote atakayesoma ripoti ya ajali ajue kuna aliyelazimisha.

Jambo ambalo wengi hawalitazamii ni kwamba kuchomoa modemu hakuondoi moduli. Kifaa kikitoka, moduli huambiwa kwamba kifaa kimeondoka, ikaachia kilichokuwa chake, ikabaki imekaa. Mtu anayeona option katika orodha wakati modemu iko mfukoni huhisi kuna uchafu wa kusafisha. Hakuna. Moduli hizo tatu pamoja huchukua kumbukumbu isiyofika hata picha moja ya simu, na kompyuta dhaifu kabisa katika steshenari zetu ina gigabaiti moja au mbili. Hoja ya kumbukumbu, iliyozaa kerneld, ilikufa zamani. Mwongozo unaoendelea kufundisha kwamba tunaondoa moduli ili kuokoa kumbukumbu unafundisha mambo ya 1996.

Kuondoa kunakofaa

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka uondoaji ufutwe. Kuna kazi ambazo bila huo mtu atahangaika. Laptopu inayoamka usingizini na kibao chake cha kugusa kimekufa mara nyingi hupona kwa kuondoa psmouse na kuirudisha. Kadi za waifai zina maradhi hayohayo. Mwenye Broadcom ya zamani anayetaka kutumia wl ni lazima kwanza aitoe b43 na wenzake, bcma na ssb, kwa sababu kadi moja haishikwi na viendeshi viwili. Na anayejifunza kuandika kiendeshi angeiwasha kompyuta upya mara 100 kwa siku kama asingeweza kutoa toleo bovu na kuweka jipya. Katika mifano yote hii kuna mtu aliyekaa mbele ya mashine, anajua anachotaka, na yuko tayari kuiwasha upya ikishindikana. Uondoaji ni chombo cha fundi. Hauwezi kuwa sehemu ya utaratibu wa kila siku.

Fundi wa huku ana sharti moja zaidi. Umeme ukikatika, moduli zote hutoka kwa mkupuo bila kuagwa, na ukirudi, kiini huanza upya na kupakia zile kilizokuwa kikipakia mwanzo. Moduli mbovu uliyoitoa kwa mkono asubuhi itakuwa imerudi mchana, na mteja atasema hukutengeneza kitu. Kuitoa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika katika saraka ya /etc/modprobe.d kwamba isipakiwe. Na hapo pana mtego. Neno blacklist katika mafaili hayo huzuia tu moduli isiitwe kwa namba za kifaa. Halizuii isiitwe kwa jina lake, wala isivutwe na moduli nyingine inayoitegemea. Anayetaka kufunga kabisa huandika install, jina la moduli, kisha /bin/false. Na kwa kuwa baadhi ya moduli hupakiwa mapema sana kutoka katika faili dogo la kuwashia, kabla diski yenyewe haijasomwa, faili hilo nalo lazima lijengwe upya. Kwenye Debian na Ubuntu amri yake ni update-initramfs -u. Nimeona mafundi wazuri wakilaumu kompyuta kwa kosa la kusahau hatua hii ya mwisho.

Mlango ulio wazi

Upande wa usalama hoja hugeuka. Hapo ugumu wa kutoka si tatizo. Tatizo ni wepesi wa kuingia. Kuipakia moduli kwa jina kunahitaji mamlaka ya msimamizi, lakini kukifanya kiini kiipakie chenyewe hakuhitaji. Mtumiaji wa kawaida akiomba aina fulani ya mawasiliano ya mtandao, kiini hutafuta moduli yake na kuipakia kwa ukarimu. Mwaka 2017 Andrey Konovalov alionyesha kasoro katika moduli ya itifaki ya DCCP iliyokuwemo tangu 2005. Karibu hakuna aliyewahi kuitumia itifaki hiyo, lakini moduli yake ilikuwa kwenye diski za mamilioni ya kompyuta, tayari kupakiwa na yeyote aliyeomba, na kupitia kasoro yake mtumiaji mdogo aliweza kuwa msimamizi. Elfu kadhaa za moduli zinazoifanya flashi moja itosheleze mashine zote ni pia elfu kadhaa za milango.

Wavamizi wanaoshika mamlaka ya msimamizi hupenda moduli kwa sababu nyingine: moduli yao ikiwa ndani ya kiini inaweza kujificha kwenye orodha ya lsmod na kuficha mafaili yao. Agosti 2020 mashirika ya usalama ya Marekani, NSA na FBI, yalichapisha maelezo ya programu ya namna hiyo, Drovorub, waliyoihusisha na idara ya kijasusi ya jeshi la Urusi.

Mifumo mbalimbali imelijibu hilo kwa namna zake. OpenBSD ilikata mzizi: toleo la 5.7, Mei 2015, lilitoka bila uwezo wa kupakia moduli kabisa. Apple tangu macOS ya 2019 imekuwa ikiwasukuma watengenezaji watoe viendeshi vyao nje ya kiini, jambo ambalo Tanenbaum angeweza kulitazama kwa tabasamu. Windows iliendelea kuziachia kampuni za nje nafasi ndani ya kiini, na Julai 19, 2024, faili moja la data lenye kasoro, lililosomwa na kiendeshi cha CrowdStrike ndani ya kiini, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani kwa hesabu ya Microsoft yenyewe. Kiendeshi hicho hakikuweza kutolewa kwenye mashine zilizoanguka. Watu walizifuata moja moja, wakaziwasha kwa hali ya usalama, wakafuta faili kwa mkono.

Linux inatoa njia ya katikati ambayo haitumiki inavyostahili. Tangu 2009 kuna kitufe kiitwacho kernel.modules_disabled. Ukikiweka kuwa 1 baada ya kompyuta kuwaka na moduli zake zote kuingia, hakuna moduli nyingine itakayoingia wala kutoka hadi mashine izimwe. Hata msimamizi hawezi kukirudisha. Kwa seva ya shule inayogawa vitabu na video bila intaneti, ambayo vifaa vyake havibadiliki mwaka mzima, sioni sababu ya kutokiweka. Kwa kompyuta ya steshenari ambayo kila saa mteja anachomeka flashi, simu au printa asiyoijua mtu, kitufe hicho kitakuwa kero, na mwenye duka atakulaani kwa haki.

Mfukoni

Kiini cha Linux kilicho karibu zaidi na mkazi wa Kwaluguru kimo kwenye simu. Kila Tecno, Itel, Infinix au Samsung ya Android inacho, na hapo hadithi ya moduli imekwenda kinyume na ilivyokwenda kwenye kompyuta. Kwa muda mrefu watengenezaji wa simu walichukua kiini, wakakikatakata kikifae kifaa chao, wakajenga karibu kila kitu ndani kwa donge. Kasoro ya usalama ilipozibwa katika Linux rasmi, kiraka kilipita kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa mtengenezaji wa simu, na mara nyingi kiliishia njiani. Simu za bei ya chini, ambazo ndizo zetu, zilikuwa za mwisho kukipata au hazikukipata kamwe.

Google ililijibu hilo kwa moduli. Simu mpya zilizoanza na Android 12 na kiini cha 5.10 au zaidi hutakiwa kutumia kiini kimoja cha jumla kinachojengwa na Google, na yote yanayohusu chipu au kamera ya simu fulani yawe moduli zinazopakiwa wakati wa kuwaka. Kiini kinaweza kubadilishwa bila kugusa moduli za mtengenezaji, kwa kuwa majina wanayoitana yamefungwa yasibadilike ndani ya toleo husika. Ni utaratibu ambao Linux ya kompyuta imekataa daima kuuahidi. Huko, moduli iliyojengwa kwa toleo moja haidaiwi kukubalika katika jingine. Kama viraka sasa vitafika kwenye simu ya shilingi 200,000 kwa haraka kama kwenye ya milioni mbili, hilo linategemea zaidi nia ya kampuni kuliko ufundi, kwa maana kizuizi cha ufundi kimepungua sana.

Na katika simu hizo zote, hakuna anayeondoa moduli. Zinaingia simu ikiwaka, zinakaa hadi betri iishe. Mfumo endeshi uliosambaa kuliko mwingine wowote wa Linux unaishi kwa kupakia tu.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa kompyuta za mtumba za Handeni na Korogwe, moduli ziwe nyingi kadiri diski inavyoruhusu, kwa sababu hujui wiki ijayo utaletewa mashine gani; flashi yako ibebe na fimwea pamoja na vichwa vya kiini, kabla hujaondoka sehemu yenye intaneti. Kwa mashine yenye kazi moja isiyobadilika, funga mlango baada ya kuwaka. Usiondoe moduli kwa ajili ya usafi, na usilazimishe iliyokataa kutoka. Ukitaka kuwa na uhakika kwamba imetoka kweli, izuie katika /etc/modprobe.d, jenga upya faili la kuwashia, kisha uzime kompyuta na kuiwasha.